Pumzi ya Lori la Nasibu

Apolonia alijua kwamba mumewe hasikii vizuri karibu mwaka mzima kabla ya mumewe kumwambia. Siku moja alimwuliza kama apike maharage au mchicha, naye Maganga akajibu, "Eee." Akamwuliza mara ya pili, kwa sauti ile ile, kama anataka vyote viwili. "Eee," akajibu tena, akitabasamu kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Apolonia akapika vyote viwili.

Baada ya siku hiyo macho yake yakafunguka kwa mengine. Redio ya taarifa ya habari ilikuwa ikipandishwa sauti mpaka jirani anakohoa. Simu ya binti yao Noela, aliyeolewa Mwanza, Maganga aliipokea, akasalimia, kisha akampa mkewe haraka haraka kwa madai kwamba mikono yake ina grisi, hata siku za Jumapili ambapo mikono hiyo ilikuwa safi kama ya padri. Kanisani alihamia benchi la pili kutoka mbele, yeye ambaye maisha yake yote alipenda kukaa karibu na mlango ili awahi kutoka.

Apolonia naye akajirekebisha kimyakimya. Akaacha kumwita kwa nyuma. Akawa anazunguka mpaka mbele yake ndipo aseme. Akija mteja mwenye sauti ya chini, yeye aliyarudia maneno ya mteja kana kwamba anashangaa: "Eti unasema gari linavuja oili?" Na Maganga, akitazama midomo ya mkewe, alijua la kujibu. Basi wakaishi hivyo, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo ambalo wote wawili walilijua.

Angekuwa mtu wa kazi nyingine, labda isingekuwa shida kubwa. Lakini Maganga alikuwa fundi wa injini za malori, na jina lake lote pale Kahama lilijengwa juu ya masikio yake. Gereji yake iko mtaa wa Nyasubi, nyuma ya nyumba yao, uwanja wa kokoto uliozungushiwa mabati. Katika ujana wake alifanya kazi ya kuchoronga na kutoboa miamba kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, miaka minane ya mashine inayonguruma kifuani, kabla hajashika spana. Wenzake walitoka huko na vumbi kwenye mapafu. Yeye alijiona amesalimika, maana alitoka na kifua kizima na sikio linalotambua valvu iliyolegea kabla dereva hajazima gari. Kumbe ile mashine ilikuwa imechukua chake, ikamwachia muda tu.

Apolonia anashona sare za shule. Cherehani yake iko kwenye baraza ya nyuma, inatazama uwanja wa gereji, kwa hiyo miaka yote hiyo wamefanya kazi wakionana. Ndiyo maana alikuwa pale, mguu kwenye pedali, siku Nasibu alipoingiza lori lake uwanjani.

Nasibu alikuwa mtu wa makamo kutoka Ushirombo, mpole, anayeendesha lori lake mwenyewe na kupeleka mchele Geita. Alimwamkia Maganga, akamwamkia Apolonia, kisha akaeleza shida yake kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuieleza mahali pengi. Lori lilikuwa limekosa nguvu miezi miwili sasa. Likiwa tupu linakwenda. Likibeba mzigo, kwenye kila mwinuko linapunguza, linapunguza, mpaka waendesha baiskeli wanampita, huku moshi mweusi unafunika barabara. Fundi wa kwanza alisema ni nozeli za mafuta, wakazisafisha. Wa pili alisema turbo imekufa, wakafunga nyingine. Hakuna kilichobadilika. "Ndipo mtu mmoja pale Geita akaniambia," alisema Nasibu, "nenda kwa Mzee Maganga, yule akisikiliza gari anakwambia linaumwa wapi."

Apolonia aliona mumewe akitikisa kichwa taratibu. Hakujua kama ameyasikia maneno hayo au ameyabahatisha.

Sasa, turbo ni kama kipangaboi kidogo kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Kazi yake ni kuishindilia injini hewa, iwe nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Hewa hiyo hutoka kwenye turbo ikiwa ya moto, ikapita kwenye mpira mnene, ikaingia kwenye rejeta ya kuipoza, ikatoka kwa mpira mwingine, ndipo iingie kwenye injini. Pakipatikana tundu mahali popote katika njia hiyo, hewa inatoroka. Mafuta yanaingia kama kawaida lakini hayana hewa ya kutosha ya kuungulia, na hapo ndipo moshi mweusi unapotoka na nguvu inapopotea. Turbo inaweza kuwa mpya kabisa na lori likaendelea kuhema vilevile. Maganga aliyajua haya kama sala ya Baba Yetu. Alijua pia kwamba hewa inayotoroka haitoroki kimya. Inalia, na fundi mwenye masikio anaifuata ile sauti mpaka kwenye tundu.

Alimwambia Nasibu awashe na akanyage mafuta. Akasimama kando ya lori, akainamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho, kama alivyozoea tangu zamani. Apolonia akasimamisha cherehani. Pale barazani, hatua ishirini hivi kutoka kwenye lori, aliusikia mluzi mwembamba ukipanda na kushuka pamoja na mguu wa Nasibu. Akamtazama mumewe. Uso wa Maganga ulikuwa wa mtu aliyesimama kituoni akingojea basi lililokwisha kupita.

Maganga alifumbua macho, akashikashika mipira ya hewa kwa mkono, akamwambia Nasibu azime. Alisema ni lazima lijaribiwe barabarani. Kisha, badala ya kupanda, akavuka uwanja mpaka barazani, akasimama mbele ya cherehani akiangalia sketi ya buluu iliyokuwa chini ya sindano.

"Mama Noela," alisema, "twende wote Bugarama ukapunge upepo."

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Apolonia hakuwahi kualikwa kwenye gari la mteja. Alitaka kuuliza kulikoni, lakini aliona jinsi mumewe alivyokuwa akiviminya vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Akafunika cherehani kwa kitenge, akabadilisha kandambili.

Kwenye lori alikaa katikati, Nasibu kwenye usukani na Maganga dirishani. Wakatoka mjini, wakashika barabara ya vumbi la kiangazi, mashamba ya mpunga yamekwisha kuvunwa na ng'ombe wanazurura kwenye mabua. Lori lilikuwa tupu, likienda bila taabu. Walipofika kwenye mwinuko wa kwanza Nasibu akakanyaga mafuta, na ule mluzi ukaja, safari hii karibu na miguu ya Apolonia.

Maganga alimgeukia. Hakuwa akimtazama macho. Alikuwa akimtazama midomo.

"Unasikia nini?" akamwuliza.

Hapo hapo Apolonia aliielewa safari yote. Aliona mengi ambayo angeweza kusema, na mengine alikuwa ameyaandaa kwa miezi, lakini si mahali pake wala wakati wake. Akageuza uso ili mumewe amwone vizuri.

"Mluzi," alisema. "Mwembamba, kama filimbi ya mtoto. Upande wa kulia, chini."

"Unaanza lini?"

"Akikanyaga tu."

Maganga aliweka mkono wake juu ya goti la mkewe, kiganja juu. Apolonia akaelewa. Akaweka kidole chake kwenye kifundo cha mkono ule, na kila mluzi ulipoanza alibonyeza, na ulipokoma aliachia. Wakaenda hivyo mpaka Bugarama na kurudi, Maganga akimwagiza Nasibu abadilishe gia, apunguze, aongeze, na kusoma majibu kwenye mshipa wa mkono wake. Nasibu, macho barabarani, aliona tu wazee wawili walioshikana mikono, akatabasamu peke yake.

Waliporudi Maganga akainua kichwa cha lori. Alikuwa na kifaa alichojitengenezea mwenyewe, kifuniko cha bati nene kilichochomelewa mdomo wa tubu ya tairi. Alikifunga pale hewa inapoingilia kwenye turbo, akaunganisha kompresa, akajaza hewa kidogo kidogo ili asipasue kitu. Kisha akachukua ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya rangi, akaanza kupaka kila kiungo. Upande wa kulia, palipokuwa na mkanda wa chuma unaokaza mpira kwenye bomba, povu likachemka. Mkanda ulikuwa umelegea na skrubu yake imelika meno. Akafunga mpya, akapaka sabuni tena, pakawa kimya. Nasibu alishukuru kwa mikono miwili na kuondoka.

Jioni hiyo Maganga alimenya machungwa, akampa Apolonia vipande, kimoja kimoja, mpaka akamwambia inatosha. Hawakulizungumza lile jambo. Apolonia alidhani labda halitahitaji kuzungumzwa kamwe, kwamba wataendelea hivi hivi, wakienda kupunga upepo kila gari gumu linapokuja.

Siku ya tatu Nasibu alirudi na lori limejaa magunia.

Hakuja na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Maganga zaidi. Alisema kuna nafuu kidogo, moshi umepungua, lakini kilima bado hakipandiki. Alifika nusu ya mwinuko wa pili, akaona bora ageuze. Maganga alifunga kile kifuniko cha bati, akajaza hewa, akapaka sabuni kutoka turbo mpaka kwenye injini. Hakuna hata tone la povu. Akarudia mara ya pili, akipitisha brashi hata mahali ambapo hewa haipiti. Hakuna kitu.

Akaweka brashi kwenye ndoo. Akamwambia Nasibu, bila kumtazama, kwamba amwie radhi, atafute fundi mwingine. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe anafikiria kufunga gereji, arudi kijijini Segese alime mpunga, maana amechoka. Nasibu alisimama akimwangalia, kisha akasema anakwenda kuswali adhuhuri, akirudi wataongea. Akatoka kwa heshima, kama mtu anayetoka chumba chenye mgonjwa.

Maganga alikaa juu ya tairi kuukuu. Apolonia aliacha kola aliyokuwa anaipinda, akavuka uwanja, akazunguka mpaka mbele yake. Akavuta dumu la oili, akaligeuza, akakaa. Magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mimi sisikii, Mama Noela," alisema Maganga.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Maganga aliinama, akawa anaangalia kokoto. Akauliza, "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Masikio ni yako."

Maganga alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaacha alama nyeusi kwenye shavu. Akaeleza kwamba lilianza na sauti nyembamba, milio ya ndege na sauti za watoto, halafu vitu vikaanza kusogea mbali kama watu wanaoongea nyumba ya tatu. Watu wakijua, alisema, hawataleta magari. Kisha akasema lile lililokuwa chini ya mengine yote.

"Magari si kitu. Ninaogopa siku nitakayokuwa nakuangalia tu midomo inacheza."

Apolonia alichukua pindo la khanga yake, akalitia mate kama anavyofutwa mtoto, akamfuta ile alama shavuni. Ilichukua muda, kwa sababu ilikuwa oili ya zamani.

"Siku hiyo haijafika," alisema alipomaliza. "Leo kuna lori."

Nasibu aliporudi kutoka msikitini alimkuta Maganga amesimama mlangoni mwa gereji akimsubiri. Maganga alimweleza yote, pasipo kupindapinda: kwamba masikio yamekwenda, kwamba juzi alimdanganya, kwamba akitaka kuondoka na lori lake ana haki. Apolonia alisimama kando, akiwa tayari kwa lolote. Alimwona Nasibu akikuna kidevu, akilitazama lori, akimtazama yeye.

"Kwa hiyo aliyeusikia ule mluzi juzi alikuwa mama?"

"Ni yeye," alisema Maganga.

"Basi apande tena," alisema Nasibu. "Lakini safari hii twende na mzigo. Juzi tulikwenda tupu, na lenyewe likiwa tupu haliumwi."

Maganga alimtazama yule dereva kama aliyepigwa kofi la kheri. Ilikuwa kweli. Yeye, fundi wa miaka yote, kwa hofu ya kugunduliwa alikuwa amekwenda kumpima mgonjwa wakati homa imeshuka.

Wakapanda wote watatu, magunia nyuma. Kabla hawajaondoka Maganga alimwambia mkewe asahau mluzi kabisa. Asikilize chochote kinachokuja na uzito. Sasa alisema kwa sauti yake ya kawaida, mbele ya mwenye gari, na Apolonia aliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua gunia.

Mwinuko wa kwanza ulipita, injini ikiunguruma kwa taabu. Apolonia alifumba macho. Alizoea kusikiliza, cherehani humwambia uzi ukikaza, sindano ikianza kupinda, mkanda ukilegea, na yote hayo kwa sauti ambazo mtu mwingine angeziita kelele tu. Katika mwinuko wa pili, lori lilipoanza kuelemewa na Nasibu akagandamiza mafuta mpaka chini, akasikia. Akabonyeza kifundo cha mkono wa Maganga.

Nasibu alipoinua mguu, sauti ikakoma. Apolonia akaachia.

Wakasimama pembeni. Maganga akamgeukia mkewe, akamwomba aeleze, asiache kitu.

"Si mluzi. Ni pumzi," alisema Apolonia. "Pana, kama mtu anapuliza uji wa moto. Iko kushoto, nyuma ya miguu yangu. Na kuna kitu kinagonga."

"Kinagonga vipi?"

"Mara moja. Du. Halafu pumzi inafuata."

Maganga alishika ukingo wa kiti. "Inagonga kwanza, au pumzi kwanza? Fikiri vizuri."

"Inagonga kwanza."

Hapo Apolonia aliona kitu ambacho hakuwa amekiona usoni mwa mumewe kwa miezi mingi. Maganga alikuwa anafikiri kwa furaha. Alimwambia Nasibu arudie, na safari hii yeye mwenyewe akainama, akalaza kiganja sakafuni, upande wa kushoto. Lori likaelemewa, Apolonia akabonyeza, na Maganga akaitikia kwa kichwa. Du ile hakuisikia, lakini kiganja chake kiliipokea.

Njiani kurudi aliwaeleza. Injini haikai chuma juu ya chuma; inakaa juu ya vipande vya mpira mgumu vinavyopunguza mtikisiko. Mpira mmoja ukikatika, injini inapovuta mzigo mzito inainuka upande huo, inagonga, na kuvuta kila kilichofungwa kwayo. Kama mpira wa hewa una ufa, ufa huo unafunguka wakati huo tu. Injini ikitulia, unajifunga kama mdomo. Ndiyo maana sabuni haikuonyesha kitu. Gari lilikuwa limelala wakati yeye analiuliza.

Gerejini walifunga tena kile kifuniko na kujaza hewa. Maganga akapaka sabuni kwenye mpira wa kushoto, chini kwenye kona yake, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila mtu kulala chali. Hakuna povu. Akampa Nasibu mtaimbo, akamwonyesha pa kuuchomeka chini ya injini, kisha akalala chali chini ya lori na kumwambia ainue taratibu. Nasibu akaegemea kwa uzito wake wote. Injini ikainuka upana wa kidole kimoja.

Apolonia, aliyekuwa amechuchumaa kando, akaisikia ile pumzi, ndogo lakini ile ile. Papo hapo Maganga akaona povu likifura kwenye mkunjo wa mpira, jeupe, likakua mpaka ukubwa wa ngumi, likaanguka kifuani pake.

"Shusha," alisema Maganga. Nasibu akashusha, povu likatulia. "Inua." Likafura tena.

Maganga akanyoosha mkono kutoka chini ya lori, akamtafuta mkewe, akamvuta alale kando yake kwenye gunia ili aone. Apolonia akalala pale na khanga yake, bega kwa bega na mumewe, wakiangalia ufa mwembamba kama ukucha ukifunguka na kujifunga.

"Wabeja," Maganga alimwambia. Ni neno dogo la shukrani la Kisukuma, wanalolitumia wakipeana chumvi na maji ya kunawa. Apolonia hakumbuki kama aliwahi kulisikia likisemwa namna ile.

Mpira wa hewa waliupata siku hiyo hiyo kwenye duka la vipuri la Fahim, aliyeingia mwenyewe stoo ya nyuma kuutafuta. Kile kipande cha kukalia injini kilisubiriwa kije na basi la Mwanza kesho yake, na kilipotolewa cha zamani kilikuwa kimegawanyika vipande viwili kabisa. Ile turbo iliyobadilishwa, Maganga alisema, huenda haikuwa na kosa hata kidogo.

Nasibu aliondoka asubuhi ya siku iliyofuata. Saa nne hivi simu ya Apolonia ikalia. Alikuwa Nasibu, amesimama juu ya kile kilima. Alisema hana la kuongeza ila moja: amwambie mzee kwamba amepanda kwa gia ya tano, na nyuma yake barabara ni nyeupe, haina moshi. Apolonia akaacha kitambaa, akavuka uwanja, akazunguka mpaka mbele ya mumewe, akampa habari hizo neno kwa neno.

Baada ya hapo hawakuficha tena. Wapo waliopeleka magari yao kwingine, na Maganga hakuwalaumu. Mtu ana haki ya kuogopa kwa ajili ya gari lake. Wengi walibaki. Madereva wakazoea kwamba kwa Mzee Maganga unasimama mbele yake ukiongea, na kwamba ugonjwa ukiwa wa sauti, mama atafunika cherehani na kupanda. Apolonia akajifunza majina ya vitu ambavyo kwa miaka mingi alikuwa akivifua tu kwenye ovaroli.

Noela, alipoambiwa, alilia kwenye simu, kisha akapanga siku ya hospitali huko Mwanza. Walikwenda wote wawili kwa basi. Maganga aliingizwa kwenye chumba kidogo chenye kioo, akavishwa vitu masikioni, akaambiwa anyooshe mkono kila anaposikia mlio. Apolonia, akiwa upande wa pili wa kioo, aliuona mkono ule ukikaa gotini muda mrefu, ukinyooka, ukikaa tena. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba kilichopotea hakitarudi, ila sikio la kulia lina kitu cha kusaidiwa. Baada ya wiki kadhaa walirudi na kijidude cha rangi ya ngozi, cha kuvaa nyuma ya sikio.

Maganga alikijaribu gerejini siku moja tu. Alisema kila nyundo ilikuwa inampiga yeye. Tangu hapo kijidude hukaa kwenye kopo dogo ndani, juu ya kabati la vyombo, mchana wote, na yeye hufanya kazi kwa macho na mikono na kwa kidole cha mkewe. Jioni, akishaoga na kubadilisha nguo, hukichukua, akakivaa polepole mbele ya kioo, akaja kukaa barazani.

"Haya," humwambia Apolonia. "Nieleze."

Naye Apolonia humweleza, bila kugeuza uso, akiendelea na pindo lake: mama fulani aliyeleta kitambaa pungufu, watoto wa jirani yao Mageni waliokua kiasi kwamba sare za Januari haziwaingii, wimbo mpya ambao kwaya imeshindwa kuupandisha. Ni hadithi ndefu zisizo na maana kubwa. Maganga huzisikiliza zote mpaka mwisho, na pale asiposhika neno huuliza, na Apolonia hurudia.